Hewa ya Chini ya Sakafu

Udongo wa Iowa ni mweusi tii, na mkulima wa Lushoto akiushika mkononi hataki kuuachia. Julai ikifika mahindi yamekwisha kumpita mtu kichwa, na ukitoka Des Moines kwenda Ames kwa gari huoni kingine mpaka macho yachoke. Udongo huo haukuzaliwa pale ulipo. Uliletwa na barafu. Maelfu ya miaka iliyopita barafu kubwa ilishuka kutoka upande wa Kanada, ikisaga miamba ya itale njia nzima, na ulimi wake mmoja ukakomea hapa ulipo mji wa Des Moines leo. Ilipoyeyuka iliacha unga wa mawe, na unga huo ndio unaowalisha watu wa huku. Ndani yake imechanganyika urani, kidogo mno, lakini imetapakaa kila mahali. Urani huoza hatua kwa hatua, miaka na miaka, hadi ikafikia kuwa radiamu, na radiamu nayo ikioza hutoa radoni. Vyote vilivyotangulia ni yabisi na vimetulia ardhini. Radoni ni gesi. Ikishazaliwa haitulii; inapenya kwenye vitundu vya udongo na kutafuta njia ya kutokea juu.

Ikitokea shambani inapeperushwa na upepo, haimdhuru mtu. Shida ipo pale ambapo juu yake pamejengwa nyumba.

Mimi ni fundi bomba. Kazi nilijifunza Tanga kwa baba mdogo, tukizunguka Ngamiani na Chumbageni na mkoba wa spana, tukizibua na kuunga. Nilipohamia Marekani kampuni ndogo iliniajiri kwa sababu moja tu, kwamba nilijua kupima, kukata na kugundisha bomba la plastiki lisivuje. Ila mabomba haya hayakuwa ya maji. Yalikuwa ya kuvuta hewa chini ya sakafu za watu na kuitupa juu ya paa. Ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo. Nimeingia nyumba za wenye mashamba makubwa, za walimu, za wauguzi, na za Wakongo na Warundi waliokuja Iowa kama wakimbizi, ambao wengi wao tunasikilizana kwa Kiswahili. Niliyoyaona humo ndani naona ni haki yawafikie watu wa lugha yangu, hasa wale wanaolala chini ya ardhi.

Wanaolala chini ya ardhi ni wengi. Baridi ya Iowa hugandisha ardhi kwa kina kirefu, kwa hiyo msingi wa nyumba hauna budi kushuka zaidi ya mita moja, na mtu akishachimba kiasi hicho huona heri achimbe kabisa apate chumba. Hicho ndicho watu wetu wa huku wanachokiita besimenti. Huko hukaa mashine ya kufulia, mtambo wa kupasha nyumba joto na tangi la maji ya moto. Huko ndiko familia hukimbilia kimbunga kinapopita. Na huko pia ndiko mgeni kutoka mbali hupangishwa, kwa kuwa kodi yake ni ndogo. Huwekwa humo vitanda vya watoto, godoro la mjomba aliyefika juzi, na kochi la bibi ambaye kwa ajili ya baridi hatoki nje miezi mitano.

Sasa tazama nyumba hiyo inavyofanya kazi wakati wa baridi. Hewa ya ndani imepashwa moto, nayo hewa ya moto hupanda. Inaponyokea darini na kwenye mianya ya madirisha ya juu, na kadiri inavyotoka, nyumba inatafuta hewa nyingine ya kujazia kutoka chini. Inaivuta kwenye nyufa za sakafu ya zege, kwenye kiungo cha sakafu na ukuta, kwenye shimo la pampu ya kutolea maji, na pale bomba la choo linapopenya zege. Nyumba inaunyonya udongo kama mtu anavyonyonya dafu kwa mrija. Nguvu ya kunyonya ni ndogo sana, ila inafanya kazi usiku na mchana tangu Novemba hadi Machi, madirisha yote yakiwa yamefungwa.

Kipimo cha radoni kinachotumika Marekani ni pikokyuri kwa lita. Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo, EPA, linasema nyumba ikifika 4 irekebishwe, na ikiwa kati ya 2 na 4 mwenyewe afikirie kuirekebisha. Nchi nyingine hutumia bekereli kwa mita ya ujazo. Kwa hesabu hiyo 4 ni sawa na 148, na Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kiwe 100 panapowezekana. Mimi hupenda kuwaeleza watu kwa bekereli, maana inaonyesha jambo lenyewe linalotokea. Bekereli 148 maana yake ni kwamba katika kila mita ya ujazo ya hewa ya chumba hicho atomi 148 za radoni zinavunjika kila sekunde. Zikivunjika huacha chembe za poloniamu, risasi na bismathi, ambazo si gesi tena. Zinashika vumbi, zinavutwa na pumzi, zinanasa kwenye njia za hewa za mapafu, na hapo nazo zinavunjika na kurusha mionzi ya alfa. Mionzi hiyo ni dhaifu katika kupenya, karatasi moja inaizuia, na ngozi ya mkono inaizuia pia. Lakini ndani ya pafu hakuna ngozi ya namna hiyo. Inapiga chembe hai moja kwa moja.

Wastani wa radoni katika nyumba za Marekani ni pikokyuri 1.3 kwa lita. Wa Iowa ni 8.5. Wilaya zote 99 za jimbo zimo katika kundi la hatari ya juu kabisa kwenye ramani ya EPA, na kwa hesabu za idara ya afya ya jimbo, katika kila nyumba 10 kama 7 zinavuka 4. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama eneo lake lina radoni, simjibu kwa ramani. Namwambia apime, kwa sababu nimeona nyumba mbili zilizopakana ukuta kwa ukuta, moja ina 3 na nyingine 19. Mwaka wa kujengwa, bei, unadhifu, harufu ya chumba, vyote havikwambii lolote.

Mzee aliyenifundisha kazi hii, Mmarekani wa makamo mpole sana, alikuwa na desturi ninayoiiga mpaka leo. Hakuwa akimtisha mteja. Akifika anaweka mashine ya kupimia mezani, anaiwasha, anamweleza mwenye nyumba namba zinavyosomwa, halafu anaendelea na shughuli zake. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayeita: njoo uone hapa.

Habari ya nyumba iliyoamsha Marekani nzima niliisikia kwake. Desemba 1984, mhandisi Stanley Watras alikuwa akifanya kazi katika kituo cha nguvu za nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, kilichokuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Vifaa vya kutambua mionzi mlangoni vikawa vinapiga kelele kila alipopita. Wakamkagua, wakamwosha, kesho yake vikapiga tena. Siku moja akaingia asubuhi na kugeuka kutoka palepale, kabla hajagusa kitu, vikapiga vilevile. Mionzi alikuwa akiileta kutoka nyumbani. Walipopima nyumba yake huko Boyertown walikuta takriban 2,700, ambapo leo tunasema 4 ni nyingi. Familia ikaambiwa ihame mara moja. Nyumba ikarekebishwa kwa mabomba na feni, na baadaye wakarudi kuishi humo humo. Hilo la kurudi ndilo ninalolisisitiza ninaposimulia, kwani wasimulizi wengi huishia kwenye namba ya kutisha.

Kabla ya Watras, waliokuwa wakihesabiwa ni wachimba migodi. Huko Schneeberg, Ujerumani, wachimbaji walikufa kwa ugonjwa wa mapafu karne nyingi bila sababu kujulikana, na ni mwaka 1879 ambapo madaktari Härting na Hesse walionyesha kwamba ulikuwa uvimbe wa saratani. Baadaye ilikuja zamu ya wachimba urani wa Marekani, Wanavajo wengi wakiwamo. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka radoni katika kundi la vitu vinavyojulikana wazi kumletea binadamu saratani. Bado watu walibisha: mgodi ni mgodi, nyumba ni nyumba. Jibu moja kubwa lilitoka hapa hapa Iowa. Timu ya Chuo Kikuu cha Iowa iliyoongozwa na R. William Field iliwachukua wanawake waliokaa katika nyumba ileile kwa miaka 20 au zaidi, ikapima radoni ndani ya nyumba hizo, ikawalinganisha waliopata saratani ya mapafu na wasioipata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na yalionyesha kwamba radoni ya nyumbani, kwa viwango vya kawaida vya nyumba, inaongeza hatari. Uteuzi wa wanawake ulikuwa na sababu yake. Kizazi kile wanawake ndio waliokaa nyumbani kutwa, wakipika, wakifua, wakilea.

EPA inakadiria kwamba radoni inaua Wamarekani 21,000 hivi kwa mwaka kwa saratani ya mapafu. Sigara peke yake ndiyo inayoizidi. Na mbili hizi zikikutana zinasaidiana vibaya: kwa makadirio ya shirika hilo, watu 1,000 wasiowahi kuvuta sigara wakiishi maisha yao yote kwenye 4, saba kati yao watapata saratani ya mapafu, wakiwa wavutaji, ni 62. Kwa hiyo nikikuta kisahani cha majivu besimenti, kabla sijafungua mkoba nazungumza na mwenye nacho, kwa adabu, mzee kwa mzee.

Kazi yenyewe huanza kwa kutafuta pa kutoboa. Nyumba mpya huwa na kokoto chini ya zege, na hewa hupita kwenye kokoto bila taabu, hivyo tundu moja linaweza kuvuta sakafu nzima. Nyumba za zamani zimelala juu ya mfinyanzi ulioshikana, na huko tundu moja halifiki popote. Ili kujua, tunatoboa kitundu chembamba kwenye kona ya mbali, tunafunga mashine ya kufyonza upande wa pili wa chumba, halafu napiga magoti na kichupa cha moshi mdomoni mwa kile kitundu. Moshi mweupe unatoka taratibu, unasimama hewani kidogo, kisha unainama na kuzama sakafuni wote. Hapo najua hewa ya chini inatembea. Ukibaki unaelea, natafuta mahali pengine. Nimewaita wenye nyumba wengi waje waangalie moshi huo, na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi kuhusu nyufa zake.

Halafu tunatoboa tundu kubwa la inchi 5. Ukishachomoa kipande cha zege, unalala kifudifudi, unaingiza mkono mpaka kwapani na kuchota udongo kiganja kwa kiganja hadi ndoo ijae, wakati mwingine ndoo mbili. Shimo hilo ndilo linaloipa hewa nafasi ya kukusanyika. Bomba la inchi 3 au 4 linashushwa, linazibwa pembeni, linapandishwa hadi darini au nje ya ukuta, na huko ndiko feni inakofungwa. Kamwe haifungwi ndani ya sehemu wanamoishi watu. Bomba lililo chini ya feni linavuta, likipata ufa litavuta hewa ya chumbani tu. Lililo juu ya feni linasukuma, likipata ufa litamwaga chumbani gesi yote iliyotolewa ardhini. Mdomo wa bomba unatokea juu ya paa, mbali na dirisha. Shimo la pampu ya maji tunalifunika kwa kifuniko kisichopitisha hewa, nyufa tunaziba kwa silikoni. Kuziba nyufa peke yake hakutoshi, na yeyote anayekuuzia rangi ya kupaka sakafu kama dawa ya radoni usimpe pesa yako. Mwisho tunakagua tangi la maji ya moto, kwa sababu feni ikivuta kupita kiasi inaweza kurudisha moshi wa gesi ndani ya nyumba, na kaboni monoksidi huua kwa saa, haingoji miaka.

Kwenye bomba nafunga kimrija cha plastiki kilichopinda mfano wa herufi U, ndani kina maji ya rangi. Feni ikivuta, maji ya upande mmoja yanapanda na ya upande mwingine yanashuka. Yakilingana, feni imekufa. Hili simfundishi baba wala mama. Namfundisha mtoto mkubwa wa nyumba. Mtoto hupita pale kila siku akienda kuchukua baiskeli, na haoni haya kusema kitu kimeharibika.

Sasa nifike kwa mama mmoja Mkongo, wa Bukavu. Tulikuwa tukisali kanisa moja upande wa kaskazini wa mji. Alikuwa amepanga besimenti na watoto wake na mama mkwe, chumba safi, mapazia ya maua, sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Jumapili moja baada ya misa niligawa vipimo vya mkaa, vile vya bei nafuu vinavyopatikana kwenye ofisi za afya za wilaya, na yeye akachukua kimoja. Nilimweleza masharti: afunge madirisha kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza kupima, akiweke kipimo mahali wanapokaa, nusu mita au zaidi kutoka sakafuni, mbali na dirisha, jiko na bafu, kikae siku tatu, kisha akifunge na kukituma posta siku ileile. Sharti la posta ndilo watu hulipuuza, na lina sababu. Radoni iliyonaswa na mkaa hupungua nusu kila baada ya siku 3.8. Kipimo kikilala kwenye droo wiki mbili, maabara haina cha kusoma.

Jibu lilirudi: 14.2. Alinipigia simu jioni, akanisomea namba tarakimu moja moja, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau, kwa Kiswahili cha kwao, ambamo yaya ni ndugu mkubwa na masasi ni risasi. "Yaya, sisi tulikimbia masasi. Masasi unaisikia, unajua inatoka upande gani. Hii haina sauti, haina harufu. Nitakimbilia wapi?"

Nikamwambia asikimbie. Mtu aliyekwisha hama mara nyingi hivyo akiambiwa nyumba yake ina hatari, wazo la kwanza ni kufunga virago, naye hakuwa na pa kwenda ambako nami nisingeanza kwa kupima. Radoni haiui kesho. Inajumlishwa miaka kwa miaka, na kila mwezi inapopunguzwa ni faida. Usiku ule ule walihamishia magodoro ya watoto kwenye chumba kidogo cha ghorofa ya juu walichoruhusiwa kutumia kama stoo, kwa kuwa radoni ya juu huwa pungufu. Ilibaki kazi ya bomba, na bomba haliwezi kutoboa sakafu isiyo yako.

Mwenye nyumba alipoonyeshwa karatasi alisema wapangaji wamekosea kupima. Ni hoja ya haki, vipimo vya mkaa vinaweza kuharibiwa, na utaratibu wenyewe unataka namba ya kwanza ithibitishwe na ya pili. Akaja mpimaji mwenye leseni na mashine inayosoma kila saa. Ikatoka juu ya 12. Mwenye nyumba akasema ataangalia bajeti. Majira ya kuchipua yakapita, mahindi yakapandwa, yakavunwa. Mimi nilijitolea kufanya kazi bila ujira, alipie vifaa tu. Akajibu kwamba hataki sakafu itobolewe. Kisha akaamua kuiuza nyumba. Mnunuzi, kama ilivyo kawaida huku, aliomba nyumba ipimwe radoni kabla ya kutia sahihi, na siku chache baadaye bomba likafungwa, feni ikawashwa, kipimo cha marudio kikasoma 0.9. Kazi ya siku moja. Mtu ambaye hajalala humo hata usiku mmoja alipata kwa ombi moja la maandishi kile ambacho familia iliyolala humo miaka mitatu iliomba ikakosa.

Jambo hili linanikera kuliko namba yoyote niliyowahi kusoma. Mnunuzi ana wakala, ana benki, ana mkataba wenye kurasa; mpangaji hana wa kumsemea. Mwaka 2022 jimbo lilipitisha sheria ya kupima radoni katika shule za umma, na nilifurahi kwa dhati. Lakini mtoto akitoka katika darasa lililopimwa anarudi kulala katika besimenti ambayo hakuna anayelazimishwa kuipima, na anakaa huko saa nyingi kuliko anazokaa shuleni.

Nimepata kufanya kazi Ames, mji wa chuo kikuu kaskazini mwa Des Moines. Kati ya 1942 na 1945, katika chuo hicho, kikosi cha mkemia Frank Spedding kilisafisha zaidi ya tani 900 za urani kwa ajili ya bomu la atomiki. Madini mengi ya mradi ule wa vita yalichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na mikono ya Wakongo. Nilipomsimulia mzee mmoja wa Likasi alisema Shinkolobwe anaijua vizuri, ni jirani na kwao, na vijana walikuwa wakiingia kuchimba kobalti kwa mikono hata baada ya mgodi kufungwa. Radoni ya nyumba za Iowa haihusiani na kiwanda cha Ames wala na Shinkolobwe. Ni ya udongo wenyewe, ilikuwapo kabla ya binadamu. Lakini tulipokaa kwenye ngazi za besimenti yake, nikimweleza kwamba kinachosumbua humu ndani ni mjukuu wa urani, sikuhitaji kumshawishi kwamba jiwe linaweza kumdhuru mtu asiyelisikia. Yeye ndiye aliyewaambia wengine pale kanisani wachukue vipimo, na wakamsikiliza kuliko walivyokuwa wakinisikiliza mimi.

Ndugu zangu wa Tanga huniuliza kama nao waogope. Udongo wote duniani una radoni kiasi fulani, wa Namtumbo wenye urani na wa Tanga vilevile. Lakini nyumba nilimokulia ilikuwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha, nyavu badala ya vioo, mlango wazi kutwa, na haina chumba chini ya ardhi. Radoni haipati nafasi ya kujilimbikiza. Siku hizi naona picha za nyumba mpya za nyumbani, madirisha ya alumini yamebanwa, matundu yamezibwa ili kiyoyozi kifanye kazi. Sisemi zina radoni nyingi. Nasema mafundi wenzangu wasiyazibe yale matundu kwa kuwa yanaonekana ya kizamani. Waliotutangulia waliyaweka kwa ajili ya joto, na yanafanya kazi zaidi ya moja.

Kipimo cha mkaa hapa kinauzwa chini ya dola 30. Bomba, feni na kazi yote, kwa nyumba ya kawaida, mara nyingi ni kati ya dola 1,000 na 2,500, na feni inakula umeme mdogo tu. Besimenti ya yule mama wa Bukavu ilikuwa ikiingiza kodi ya kulipia mtambo mzima kwa miezi mitatu. Ninachokitaka, na nimekisema mbele ya baraza la mji kwa Kiingereza changu cha fundi, ni sharti moja: chumba cha chini ya ardhi kisipangishwe kabla hakijapimwa, na mpangaji apewe karatasi ya matokeo kwa lugha anayoisoma. Mjumbe mmoja aliniuliza kama hilo halitapandisha kodi. Nikamwonyesha hesabu ya feni kwa mwaka, akaiandika.

Baridi imeanza tena, na huu ndio wakati mzuri wa kupima kwa kuwa madirisha yamefungwa yenyewe bila kuamrishwa. Kuna jengo moja upande wa mashariki wa mji lenye familia za Warundi na Wakongo, vyumba vya chini vyote vimejaa. Wapangaji wamekwisha kubali, na vipimo viko kwenye gari. Barua kwa mwenye jengo nimeiandika, nimeambatanisha bei, nimemwambia vifaa nitamnunulia kwa bei ya jumla na kutoboa nitatoboa mwenyewe. Anasema atanijibu wiki ijayo, nami Jumatatu nitampigia.